Sentensi Niliyomwekea Mama Diwani

Miaka ya tisini nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Lilikuwa la kurasa nne tu, na tulilichapa kwa mashine ya kudurufu katika chumba kimoja nyuma ya soko. Kiswahili nilikipata kambini, maana baba alikuwa askari, na tulipokimbia vita kwenda Zaire mwaka 1979 nikakiongeza kwa Wakongo. Kwa sababu hiyo mhariri alinipa habari za Koboko, karibu na mpaka wa Sudan na Zaire, ambako Kiswahili kilisikika kila mahali. Aliamini kule nitaelewana na kila mtu.

Kazi hiyo ilinikutanisha na madiwani wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Akiniona mlangoni tu, "Ndugu yangu, karibu, kaa hapa!" Soda ilifika kabla sijafungua daftari, kisha akaniambia niandike nini, hata neno la kuanzia. Wa pili alikuwa mwanamke, mjane, aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Mkutano ukiisha alikunja karatasi zake akaondoka. Nikimfuata na swali, alisema, "Yote nimesema mle ndani, mwanangu." Mimi na wenzangu tulimwona ana maringo.

Siku moja kulikuwa na mkutano Ludara, hukohuko upande wa Koboko, kuhusu pampu ya maji ambapo wenyeji na wakimbizi kutoka Sudan walikuwa wakisukumana kila asubuhi. Mama diwani alisimama akaongea kwa Kikakwa, lugha ya wenyeji wa huko, muda mrefu, bila kupandisha sauti. Mimi ni Mlugbara, Kikakwa changu kilikuwa cha salamu. Badala ya kumfuata nje nimuulize, nikamgeukia diwani mwanamume, aliyekaa karibu yangu.

"Amesema nini?"

"Ah, anataka wakimbizi watafute maji pengine," akajibu, akipiga funda la soda.

Nikaandika hivyo. Nikaweka na alama za kunukuu, kana kwamba nimesikia mwenyewe.

Wiki moja baada ya gazeti kutoka, dereva wa pikapu za Oraba, zinazopita Koboko, alinikuta ofisini. "Ule mama wa Koboko iko natafuta wewe," akasema. "Anasema kuja mwenyewe, hapana tuma mutu."

Nilijua kaka zake walikuwa askari wa zamani. Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea, na kila nilipoyapanga yalisikika vibaya zaidi. Nilimkuta uani peke yake, akipepeta mtama.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye mkeka. "Daftari yako iko wapi? Soma mahali mimi nilisema ile maneno."

Nikafungua. Chini ya jina lake palikuwa na mstari mmoja tu, na haukutoka kinywani mwake. Maneno niliyopanga njiani yakanipotea. Nikamwambia ukweli wote, mpaka habari ya soda.

Akaweka ungo chini. "Mimi nilisema tuweke mistari miwili, wenyeji huku, wageni huku, na kila upande unachota kwa zamu. Mimi mwenyewe nilikuwa mkimbizi. Nitafukuza mutu kwa maji?"

"Nisamehe, mama."

"Yule mwenzangu mkimwandika vibaya anacheka, kesho watu wamesahau. Mimi mkiniandika vibaya naulizwa sokoni, naulizwa kanisani, na shemeji zangu wanakuja hapa kuniambia niache siasa. Mwandishi wa kwanza aliyekuja kwangu nilimweleza habari ya barabara. Akaandika gauni langu, na nani anapikia watoto wangu. Barabara hakuiandika. Tangu siku ile nikanyamaza."

Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kuandika diwani mwanamume alivaa nini, au watoto wake walikula nini. Hata mara moja.

Nilidhani sasa atanifukuza. Akajifuta mikono, akasema, "Andika." Akasema sentensi zake polepole, kwa Kiswahili, nami nikaandika. "Nisomee." Nikamsomea. Akasahihisha neno moja. Kisha akachukua leso yake. "Twende kwa pampu."

Wanawake waliokuwa wakichota waligeuka tulipofika. Nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu, kwamba mama hakusema vile, na yeye akatafsiri kwa Kikakwa, sentensi kwa sentensi. Mkimbizi mmoja, mama mnene mwenye jerikani mbili, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mutu ya gazeti amekuja mwenyewe kusema amekosa?" akauliza. Halafu akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, hata mama diwani. Nikatafuta jiwe la kukalia, nikacheka nao.

Masahihisho tuliyaweka ukurasa wa kwanza. Diwani mwanamume aliyasoma, akacheka kama kawaida yake, akaniita nikae karibu naye. Sikukaa. Mama naye alianza kuongea nami baada ya mikutano, kwa sharti moja: nimsomee kila sentensi kabla ya kufunga daftari. Mara nyingine nilichelewa pikapu ya Arua kwa ajili ya neno moja. Sikulalamika, maana usiku wa siku kama hizo nililala bila wasiwasi, nikijua kesho hakuna atakayetumwa kunitafuta.