Betri Ndani ya Kofia

Fundi wa feni hamwamini mtu anayemwambia, "Nimeshazima." Hapa kwetu Kisauni feni tatu zilijiwasha zenyewe wiki nzima, mama akafukiza ubani akidhani ni jini. Fundi hakumcheka. Alisema rimoti zote zina namba moja ya siri, pengine hata za majirani, kwa hivyo ya mmoja huwasha feni ya mwingine. Kubadilisha namba kwataka umeme uwepo na mkono uwe karibu na mapanga ya feni, kwa hivyo yeye kwanza hukusanya betri. Alitoa zetu, kisha akabisha milango ya jengo zima: "Hodi! Shikamoo mama, naomba betri za rimoti, nitazirudisha sasa hivi inshallah." Alirudi nazo ndani ya kofia, akazihesabu kwa kidole chenye kovu, akarudia. Mlango mmoja tu haukufunguliwa, wa jirani wa juu yetu, aliyekuwa kazini Changamwe.

"Nishikie ngazi, dadangu," aliniambia. "Bismillahi."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kubadilishia namba tuliposikia ufunguo kwa jirani wa juu, kisha viatu vikivuliwa. Fundi aliutoa mkono polepole, akaukumbatia kifuani kama kifaranga. Feni ikaanza kuzunguka.