Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Ulikuwa ule mwaka wa shelisheli. Mchele umepanda, samaki bei haishikiki, basi Micheweni nzima ni shelisheli: asubuhi ya kuchemsha, mchana ya nazi, usiku ya kukaanga. Mjukuu wangu, mwalimu wa skuli, alikuwa akiila huku kaiinamia kompyuta ya marehemu babu yake.

Kompyuta hiyo ni kizee mwenzangu. Haina kioo chake. Kibodi ndiyo mashine yenyewe, unaichomeka kwenye televisheni. Mume wangu alikuja nayo kutoka Uarabuni, enzi za ubaharia wake. Mimi skuli niliiacha darasa la pili, kuandika nilifundishwa na yeye kwenye vibonye vile, naye ananicheka: "Gonga bibie, haing'ati!"

Televisheni ya kichogo ikafa. Mwanangu akaja kutoka Chake Chake kula Sikukuu, akaiona kompyuta imekaa bure.

"Mama, hili ni la mnunua vyuma chakavu. Kama haliwaki mpaka naondoka, nalibeba."

Nikaisukuma pembeni sahani yangu ya shelisheli.

Mjukuu akapania. Akaleta kisanduku cha kugeuzia picha, ili ionekane kwenye televisheni ya flati, akaipachikia kompyuta na kadi ya kuiongezea kumbukumbu. Vyote hivyo akavilisha umeme kwenye transfoma ya kompyuta, ile ile ya zamani. Tukawasha. Picha ikaja, ikayumba, ikaanza kupanda juu kama moshi wa jikoni, ikazima. Tukiiacha ikapoa, inarudi. Ikikaa kidogo, inakufa tena.

"Bibi, imechoka."

"Na mimi nimechoka, mbona napika?"

Mwanangu kutoka barazani akapaza sauti: "Gunia la kuitilia nishalipata!"

"Jitie wewe kwanza," nikamwambia.

Mjukuu akaingia nyuma ya meza kufuata waya. Mara nikasikia, "Yalaa!" Katoka ananyonya kidole, mkono mwingine kashika kitambaa changu cha kudarizi. Kwetu kila kitu cha umeme huvaa: redio, televisheni, mpaka feni isipozunguka. Mtoto nimemlea mimi. Aliivisha transfoma bila hata kufikiri, ikawa inaiva humo ndani.

"Bibi, nimeipika ndani ya kitambaa!" Tukacheka mpaka machozi.

Kuivua kulisaidia, hakukumaliza. Akaniambia transfoma ile ilitengenezwa kulisha mashine peke yake, sasa tumeiletea wageni wawili. Akatafuta nyingine yenye nguvu zaidi, ya volti zile zile, na kisanduku cha picha akakipa adapta yake mbali. Picha ikasimama, ila inatetemeka. Akaung'oa waya wa picha uliolala juu ya transfoma, akaupitisha upande wa pili wa meza.

Kioo kikawa buluu tupu, herufi nyeupe, zimetulia tuli. Mwalimu wangu wa kuandika kaamka! Nikavuta kiti, nikaandika jina la mume wangu. Nikakosea herufi moja, nikaifuta, nikaiandika sawa.

Mwanangu kasimama nyuma yangu, gunia kalisahau.

"Mama, kwangu mjini umeme haukatiki sana. Watoto wataifurahia. Niachie niende nayo."

"Siitoi. Kanunue yako."

Akacheka, akadhani namtania. Akanyoosha mkono kwenye waya.

"Wiki moja tu, mama yangu."

"Siitoi. Kanunue yako."