Matanga ya Kamau Aliyekuwa Sterling

Habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wengine, na wengine wanaitia chumvi, ingawa kusema kweli aibu yake inatosha vile ilivyo. Ni kweli, nilimtangaza mtu aliye hai kwamba amekufa. Na ni kweli aliingia kwenye matanga yake mwenyewe nikiwa nimesimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, nikieleza jinsi nilivyompata.

Mimi nafanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kimoja upande wa Fairfax, huku Amerika, naskani magazeti ya zamani na kuwasaidia watafiti wanaokuja kutafuta watu (mababu zao, mara nyingi), na hao watafiti huwa nawaambia kwa sauti ya upole, kama daktari, kwamba kupata jina si kupata mtu, kwa hiyo wahakikishe kwanza. Kanisani kwetu Rockville walikuwa wananiita Profesa, nami sikuwakataza.

Basi siku moja baada ya ibada akanijia Mama Shiru, yule dada anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kaka yake, Joseph Kamau, alimtangulia kuja Amerika, wakakosana, akabadilisha namba na kunyamaza kwa miaka, na sasa mama yao huko Nyandarua alikuwa mgonjwa wa moyo na kila akipigiwa simu anauliza Kamau yuko wapi.

"Nitafutie, Kinyanjui," akaniambia. "Mama anataka tu kusikia sauti yake. Hata kama hatarudi."

Nikatafuta. Akina Joseph Kamau wamejaa nchi hii: mmoja dereva wa lori, mmoja alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, mmoja ameandika utafiti mrefu juu ya magonjwa ya ng'ombe (huyo nilimsoma mpaka chai ikapoa, sijui kwa nini). Halafu Ijumaa jioni nikafikia tangazo la kifo kwenye gazeti la mji mdogo wa Ohio. Joseph Kamau, mzaliwa wa Kenya, umri unalingana, mwana wa Njoroge na Wanjiru, na wazazi wa Mama Shiru ni Njoroge na Wanjiru. Picha hakuna. Chini kulikuwa na namba ya simu ya watu wa mazishi.

Sasa hapa ndipo ninapojichukia. Mimi ni Mkikuyu. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, kwa hiyo majina ni yale yale yanazunguka. Mimi mwenyewe nina mabinamu kadhaa wanaoitwa Kinyanjui, na tukikutana kwa shosho, nyanya yetu, mtu akiita jina hilo tunaitika wote. Kamau wa Njoroge na Wanjiru wako wangapi, mimi nijifanye sijui? Mzungu angekosea hapo tungemcheka na kumsamehe. Lakini nilipiga ile namba, haikupokelewa, nikaona kungoja mpaka Jumatatu ni kumtesa dada wa watu bure, nikalipiga picha lile tangazo la gazetini nikamtumia mchungaji.

Mchungaji akatangaza kwenye kikundi cha kanisa na pole zikaanza kumiminika. Mimi nikatengeneza bango, picha ya Kamau akiwa kijana niliyopewa na dada yake, na maua pembeni, likapendeza, Mungu anisamehe, nikalitazama mara mbili. Jumamosi nyumba ya Mama Shiru ilikuwa imejaa viti vya kukunja na chapati, naye amekaa kwenye kochi na leso kichwani. Binti yake, Shiru, akanivuta jikoni.

"Uncle, did you call the number?"

"Shiru, huu si wakati wa kuniuliza kama nilipiga simu," nikamjibu.

Jumapili jioni mchungaji akanipa kipaza sauti nieleze nilivyompata. Nilikuwa nimefika kwenye lile gazeti la Ohio mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja ameshika kofia mkononi, na nyuma yake mwanaume aliyevaa koti la mlinzi.

"Samahanini sana jamani," mzee akasema, kwa Kiswahili cha Tanzania. "Mimi naitwa Rashidi. Nimetumiwa hili bango, na huyu bwana tunalinda naye majengo ya kompyuta hapo Sterling. Nikamwambia twende wenyewe, maana tukipiga simu hawatatuamini."

Yule wa nyuma alikuwa anatazama picha yake ukutani.

"Nani amesema nimekufa?"

Wote wakanigeukia, hata mchungaji. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, kwa hiyo nyumba nzima ilinisikia nikimeza mate.

Mama Shiru hakumkumbatia wala hakulia. Alimshika mkono wa koti. "Mpigie mama," akasema. "Sasa hivi."

Kumbe wazee wa kule nyumbani walikuwa wamepanga kwenda kwa mama Jumatatu asubuhi wamweleze polepole, lakini bango langu liliwatangulia. Jirani aliliona kwenye simu usiku ule akaja mbio kumpa pole, mama akaanguka pale pale mlangoni. Binamu yao alipopokea simu alikuwa hospitalini, na mama hakuwa anaongea tena. Akamwekea simu sikioni.

"Maitu, ni mimi Kamau," yule bwana akasema. "Ni makosa, Maitu. Niko hai. Nilikuwa nangoja kwanza nisimame vizuri ndio nikupigie." Akarudia, akarudia tena. Tukasikia pumzi tu, kisha binamu akasema machozi yanamtoka mama lakini macho hayafunguki.

Mama alifariki wiki hiyo. Kamau hana makaratasi, akitoka hapa harudi tena, na watoto wake wako Sterling, kwa hiyo mazishi ya mama yake aliyatazama kwenye simu, pale pale kwa Mama Shiru. Viti vilikuwa vile vile, hata ile picha ya Kamau ilikuwa imegeuzwa tu ukutani, hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Kabla ya hapo Mama Shiru alinifuata. "Tengeneza bango la mama," akasema. "Wewe ndiye unajua." Nilidhani ananisuta, kumbe alikuwa amechoka tu. Nikakaa mezani, nikaandika Wanjiru wa Njoroge, nikaweka na picha niliyotumiwa. Nikampelekea Kamau simu, nikamwomba aangalie kama ndiye.

Akaikuza ile picha kwa vidole viwili.

"Ndiye," akasema. "Tuma."

Kazini bado nawahudumia watafiti, nawaletea maboksi yao. Lakini mtu wetu akija kuniomba nimtafutie ndugu yake, nakataa kabisa, namwambia aulize watu kwanza, kazini, msikitini, makanisa mengine. Kutoka kwa Mama Shiru mpaka Sterling ni mwendo mfupi kuliko ibada yetu ya Jumapili, na mimi nilikwenda kumtafuta Kamau kwenye gazeti la Ohio.