Ngeleka na Meza ya Faisan d'Or

Ngeleka wa mtaa wa Dilala alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka siku alipokula konokono.

Kabla ya hapo hakuwa na kisa cha kumsimulia mtu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akamzaa katika nyumba za matofali za kampuni, akamsomesha kwa mapadri. Mwana akawa karani wa maghala ya mgodi kule Mutoshi: alipiga mihuri, alijua nati gani inakaa rafu gani, alipanda basi la wafanyakazi asubuhi na kurudi nalo jioni. Alimwoa Mbelu, binti wa Kasai kama yeye, wakapata watoto, wa kwanza msichana aitwaye Kanku. Serikali ilipoagiza majina ya kizungu yatupwe, alilitupa jina lake la ubatizo, Stanislas, bila kulilia. Ilipokataza tai, aliivua akashona abakosti ya kijivu, koti lile lisilohitaji tai. Alivaa alichoambiwa, akaitwa alivyoambiwa, na jioni alikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kama jirani zake wote.

Ndipo mkubwa wake wa kazi, mhandisi wa Kibelgiji, akamaliza mkataba. Kabla ya kurudi kwao aliwaalika makarani kula katika Faisan d'Or, restora iliyokuwa mjini Kolwezi, upande ambao zamani Mwafrika alipita akiwa na ufagio tu. Juu ya mlango kulichorwa ndege mwenye mkia mrefu ambaye hakuna mtu wa Lualaba aliyewahi kumwona akiruka. Watu wa cité, mitaa ya Waafrika, walimtazama, wakaamua ni jogoo, wakapaita mahali hapo Kuku ya Zahabu.

Makarani wenzake waliagiza kuku, wakala, wakashukuru. Ngeleka, kwa kutaka kumpendeza mhandisi, alinyoosha kidole kwenye menyu palipoandikwa neno asilolijua. Akaletewa konokono sita ndani ya nyumba zao, wakiogelea katika siagi na vitunguu saumu, pamoja na koleo dogo la kuwashikia.

"Bravo, Ngeleka!" mhandisi alisema. "Wewe ni mtu wa meza."

Basi, wengine hupotezwa na pombe. Ngeleka alipotezwa na sentensi hiyo moja.

Tangu siku ile, kila Jumapili iliyofuata mshahara, misa ikiisha, aliwapa watoto mkono wa kwaheri mlangoni pa kanisa, akanyoosha abakosti yake na kushika njia ya mjini peke yake. Alikuwa na maelezo. Alisema chakula kizuri ni kama shule, na darasani mtu haendi na familia. Kanku wakati huo alikuwa akienda shule ya kweli na viatu vilivyoshonwa mara mbili kwa waya, lakini hilo halikuwamo katika maelezo.

"Unakulaka nini kule?" Mbelu alimwuliza mara ya kwanza.

"Escargots, Mama Kanku."

"Ni nini?"

Akamweleza. Mbelu akaacha kupepeta unga.

"Konokono? Zile batoto banatupa inje ya bustani, zinakula lengalenga yangu?"

"Hapana zile. Za kule ziko na elimu."

Mbelu alicheka mpaka akakaa chini. Ngeleka hakucheka. Mtu wa meza hacheki na unga umetapakaa kila mahali.

Nyumbani akawa mgumu kuvumilika. Aliuliza mboga za kufungulia mlo ziko wapi. Aliitazama sombe kwa huzuni, kama mtu anayemtazama ndugu aliyefungwa. Alisema bukari ni chakula cha kujaza, si cha kula. Ofisini, Mukalay, karani mwenzake mtu wa kaskazini ya Katanga, iliyoitwa Shaba siku hizo, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alisikiliza habari za sosi wiki nzima, kisha akauliza, "Na ukitoka kule, unashiba?"

"Kushiba ni kwa batu ya kijiji."

Lakini Mbelu aliujua ukweli. Kila Jumapili ile ya mjini, saa ya kulala kidogo mchana, mume wake alirudi akitembea kwa maringo hadi mlangoni, na kutoka mlangoni akatembea haraka hadi jikoni. Huko, akiwa bado wima, na abakosti yake mwilini, alifunua sufuria na kumega bukari lililobaki. "Naonja tu," alisema mtu akimkuta. Alionja mpaka sufuria ikalia kwa kukwanguliwa.

Mwisho wa mwaka 1973 serikali ikatangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa raia. Mgiriki mwenye Faisan d'Or akafunga sanduku lake akaenda. Restora akapewa Citoyen Mbayo, kama kila raia alivyoitwa siku hizo, mtu aliyekuwa na marafiki wengi bila sufuria hata moja. Mbayo alikuwa mwanamume wa mipango. Mwezi wa kwanza aliuza friji kubwa. Wa pili aliuza divai yote kwa marafiki zake, na marafiki hawakulipa. Mpishi akafuata friji. Kitu kimoja tu Mbayo hakukigusa: menyu. Kadi zile za ngozi nyekundu zilibaki na majina yote ya Ulaya, ila bei zilipanda, kwa sababu sasa, alisema, mteja anakula katika nyumba ya ndugu yake.

Ngeleka aliendelea kwenda. Konokono walikwisha, kwa kuwa walitoka ndani ya makopo, na makopo yalitoka Ulaya. Aliagiza truite, samaki wa mito ya baridi, akaletewa samaki wa ziwa la Nzilo, yule yule ambaye wanawake humwuza sokoni akiwa amepangwa kwenye beseni. Alimla kwa uma na kisu, akarudi akasema truite ya mwaka huu ina nyama nzito zaidi. Aliagiza bata, akala kuku mzee. Akasema bata akikomaa ndivyo anavyokuwa. Mukalay alimwambia waziwazi kwamba anakula majina. Ngeleka akamhurumia.

Mwaka ule ungepita hivyo kama Ndaya, dada yake Mbelu, asingefungua mdomo. Siku moja walikuwa wakichambua matembele ndani ya ua.

"Yaya, dada yangu, mutu haendake resto peke yake," Ndaya alisema. "Kule kuko mwanamuke."

Mbelu alijua hakuna mwanamke. Mwanamke gani angemvumilia akisimulia sosi? Lakini neno lile aliliweka akilini kwa sababu nyingine: lilikuwa na faida. Jumapili ya mshahara ilipofika, alitoka chumbani amejifunga kitambaa kipya, na viatu alivyovaa harusi ya mdogo wake.

"Unaenda wapi, Mama Kanku?"

"Darasani."

"Lakini mule..."

"Ao kuko mutu mwingine kwa kiti yangu?"

Ngeleka aliona watoto wote wanamtazama, akamfungulia mlango.

Walipokelewa na garsoni mzee aitwaye Kisimba, aliyebakia tangu enzi za Mgiriki, na koti jeupe ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa upande wa ndani. Aliwavutia viti. Alimwekea Mbelu kitambaa mapajani kwa upole, kama anamfunika mtoto. Ngeleka alishika menyu na kukohoa.

"Tutaanza na escargots."

"Hakuna, citoyen."

"Basi terrine."

"Hakuna."

"Truite?"

"Gari ya Nzilo ilikufa njiani."

"Bata?"

Kisimba aliangalia dari. Ngeleka aliendelea kushuka kwenye kadi ile kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila ngazi aliyokanyaga haikuwapo. Kwenye meza za jirani kulikuwa na wakubwa wawili watatu na wake zao, wote wakisubiri kitu.

"Tata," Mbelu alimwambia Kisimba kwa heshima, kama anamwita baba, "nini iko?"

"Iko plat du jour, mama, chakula ya leo."

"Leta ile."

Ilikuja juu ya sinia, chini ya kifuniko cha kung'aa. Kisimba alikifunua kwa mkono mmoja, mwingine akiwa ameuweka mgongoni. Katikati ya sahani kubwa nyeupe kulikuwa na bukari. Kipande kidogo, kilichoumbwa kwa kikombe cha chai, kimesimama peke yake kama kofia iliyosahauliwa. Pembeni kulikuwa na kijiko cha matembele na samaki wa chumvi wawili, wembamba, wamelala wakipeana migongo.

"Polenta ya Shaba na spinachi yake," alisema Kisimba, akiwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Mbelu alimtazama mume wake. Alitazamia atasimama, agonge meza, aulize kama anachekwa. Ngeleka alichukua uma, akakata pembe ya bukari kwa kisu, akaipeleka mdomoni na kufumba macho.

"Unasikia?" alinong'ona. "Ile ulaini. Kwa nyumba hatupatake ulaini ya namna hii."

Mbelu aliweka uma wake kando. Aliinua mkono.

"Tata Kisimba, maji ya kunawa."

"Mama Kanku!" Ngeleka alifumbua macho. "Batu banaangalia!"

"Baangalie. Banalipa na beo, kama sisi."

Beseni haikuwapo. Kisimba alienda nyuma, akarudi na ndoo ya fedha, ile ambayo Mgiriki alikuwa akiwekea chupa za divai ndani ya barafu, imejaa maji ya bomba. Akaishika kwa mikono miwili, akainama. Mbelu alinawa taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akala kwa mkono, mgongo umenyooka, hana haraka. Ngeleka alizidi kuteremka kwenye kiti mpaka ukingo wa meza ukamfikia vifungo vya juu.

Njiani kurudi alisubiri kuchekwa. Walipita stesheni, wakapita shule. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa.

"Sema basi. Haikustahili bei ile."

"Bukari ilikuwa na madonge," Mbelu alisema. "Samaki balikausha sana. Matembele mutu alitia maji, akaacha akaenda kazi ingine. Kama ni Kanku alipika vile, ningemurudisha jikoni."

"Unaona!"

"Lakini nilikaa, Tata Kanku."

Hakuelewa.

"Nilikaa chini. Mutu aliniletea sahani, aliiondoa, mi sikusimama. Tangu unioe, hiyo siku ilikuwa haiyafika." Akatembea hatua kadhaa akifikiri. "Kwa ile, hata ingekuwa mawe ndani ya sahani, ni bei yake. Mwezi unaokuja narudia. Naenda na Ndaya."

"Na mi?"

"Weye ulishasoma sana."

Ndivyo ilivyokuwa. Mshahara haukutosha watu wa meza wawili kila mmoja na sahani yake, na Mbelu hakuona aibu kusema yeye ndiye mwanafunzi mpya. Jumapili ile Ndaya alikuja amejipaka mafuta mpaka viwiko, dada wawili wakaenda zao mjini wakicheka, na Ngeleka akabaki mbele ya makaa na watoto wenye njaa. Alijua kula escargots kwa koleo. Kusonga bukari hakujua. Alimimina unga wote kwa mara moja, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria, moshi ukamtoa machozi. Kanku alimwonyesha, alimfukuza, akamwita tena.

Miezi michache baadaye Faisan d'Or ilifungwa, maana Citoyen Mbayo alikuwa amefikia kuuza viti, na restora isiyo na viti ni shida kuieleza hata kwa marafiki. Ngeleka alimshukuru Mungu mapema mno. Jumapili ya mshahara Mbelu alivaa vile vile, akatoa kiti kwenye baraza, akakaa na mikono mapajani, na kusubiri.

Habari ikatembea Dilala nzima: karani mwenye abakosti anapika, mke amekaa. Wanaume wa mtaa hawakulala vizuri. Mukalay, ambaye mke wake alikuwa ameanza kuuliza maswali, aliunda ujumbe wa wanaume watatu wenye heshima, wakaenda mchana wa Jumapili kumwonya Ngeleka kwamba anaharibu nchi.

Walimkuta jikoni, jasho linamtiririka, amefunga kitambaa cha Mbelu kiunoni. Mukalay alikohoa kuanza hotuba.

"Tata Kanku," Mbelu aliita kutoka barazani bila kugeuza kichwa, "wageni bamefika. Ongeza unga."

Ngeleka akaongeza unga. Siku hiyo, sijui ni makaa au ni bahati, bukari lilitoka laini, na samaki wa Nzilo aliiva ndani ya nyanya mpaka harufu ikavuka ua. Ujumbe uliangaliana. Ukakaa. Ukanawa mikono. Hotuba haikutolewa, na nchi ikaendelea kuharibika.

"Citoyen Ngeleka," Mukalay alisema baadaye, akisukuma sahani mbele na sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yake, "hii sosi ulitia nini?"