Mbwa wa Mume Wangu Wanambwekea Bibi Mmoja Tu

Admin, hili liweke, lakini jina langu lizike kabisa na kijiji usikitaje. Sema tu ni Pemba, upande wa kusini.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto watatu. Mume wangu ameshaniacha mara mbili na kunirejea mara mbili. Imebaki talaka moja. Hilo lishikeni, maana ndilo linalonifunga mdomo.

Mwaka jana alirudi kutoka Dar es Salaam na mbwa wawili wakubwa kama ndama, ati wa kulinda karafuu. Jamani, Pemba hii! Nyumba ya Kiislamu, mbwa! Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Akawajengea banda la nondo nyuma ya nyumba, mbali na kisima, akasema sitagusa hata sahani yao, na kweli sijagusa. Lakini masikio yangu nani atayahifadhi? Walibweka tangu asubuhi. Wakimbwekea muuza samaki, wakibweka adhana ikiadhiniwa, wakibweka kuti likianguka. Mwanangu mdogo akawa anastuka usingizini. Sheha akaja kulalamika, imamu akaja, majirani wakaacha kupita kwetu.

Mume wangu akamwita bwana mifugo kutoka mjini. Yule kijana alituambia mbwa wakubwa hivi wakifungwa kutwa wanachoka roho, ndiyo maana wanabweka. Tuwatembeze asubuhi na jioni, tuwape mifupa watafune, tuzibe upande wa barabara kwa makuti wasimwone kila mpita njia, na wakibweka tusiwapigie kelele, maana wao wanaona tunabweka nao. Nilicheka, lakini tulifanya, na wallahi walinyamaza. Mtu anapita na baiskeli anapiga kengele, kimya. Hata mie nikaanza kusema alhamdulillah.

Basi balaa likaingia humo humo kwenye ukimya. Walimbakisha mtu mmoja tu wa kumbwekea, jirani yetu. Nitamwita Bi Mize. Ni mjane, anachoma mikate ya mofa na anatembea kwa mkongojo. Akitokeza kwenye kona, hata hawajamwona, wanapanda nondo, povu linawatoka, banda zima linatikisika. Akishapita wanalala. Na huku kwetu mnajua wenyewe watu wanavyosema, kwamba mbwa anaona tusichokiona sisi. Ilianza kwa mzaha, "Bi Mize, mbwa wamekujua!" naye anacheka. Kisha watoto wakakatazwa kwenda kununua mofa kwake. Kisha yakaja mawe juu ya bati lake. Mtoto wa jirani alipopata homa ya ghafla, nikamsikia mama mzima anasema kisimani, "Si mbwa walishasema?" Na mume wangu akiulizwa barazani anajibu kwa upole, "Mie sisemi kitu. Lakini mbwa hawana uongo."

Nilikuja kufahamu siku niliyotoka khitma mapema, kichwa kinaniuma. Nilipita nyuma ya nyumba nikaona mtu kainama mbele ya banda, kajitanda kanga, anachechemea na fimbo. Anagonga nondo, kisha anaipenyeza fimbo ndani anawachoma mbwa mbavuni, nao wanalia kwa hasira. Nikasema moyoni, Bi Mize kafuata nini huku? Akageuka. Alikuwa mume wangu na ndevu zake, ndani ya kanga za Bi Mize zilizopotea kwenye kamba wiki nyingi nyuma. Nilitaka kucheka, kisha nikafahamu nani aliyewafundisha mbwa kumchukia Bi Mize.

Hakukana. Alizivua zile kanga akazikunja vizuri, akaniambia, "Kiwanja chake kimenikatia njia ya gari kwenda kwenye mikarafuu. Nimemwomba kwa heshima miaka mingapi? Sasa atahama mwenyewe, na mkono wangu hautakuwamo."

Nikamwambia, "Watamuua yule bibi."

Akasema, "Sikiliza we mwanamke. Siku utakayomwambia mtu yeyote wa kijiji hiki ulichokiona, siku hiyo hiyo umeachika, na watoto watabaki hapa." Ndugu zangu, ameshaitundika talaka. Nikifungua mdomo imepita, na baada ya hiyo hakuna kurejewa.

Sasa vijana wameapa kwamba Ijumaa hii wakitoka msikitini watakwenda kwa Bi Mize. Wanasema hawatamgusa, watamwambia tu ahame. Lakini jana nilimwona mmoja wao anaficha dumu la petroli kwenye zizi la ng'ombe. Na mume wangu tangu juzi hawatembezi mbwa wala hawapi chakula. Nilipomuuliza akaniambia wanahitaji njaa kidogo.

Leo asubuhi Bi Mize kaja mlangoni kwangu. Mbwa walikuwa karibu kuvunja banda, hata hatusikilizani. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayekaa na mbwa hawa. Hebu nambie kweli, mie nina nini? Maana nimeanza kujiogopa. Huenda marehemu bibi yangu aliniachia kitu nami sijui. Kama ninacho nambie, niende nikatolewe, nisije nikadhuru watoto wa watu."

Bibi wa watu, mtu anayeniletea uji wa pilipili manga kila nikijifungua, anataka mimi nimwambie kama yeye ni mchawi! Nikamjibu, "Huna kitu, bibi." Akasimama ananiangalia, anangoja niendelee. Sikuendelea. Akaokota mkongojo wake akaondoka, na mbwa wakambwekea mpaka kwake.

Leo ni Jumatano. Msinijibu kwamba nivute subira, nimeshavuta mpaka imekatika. Nikisema nawakosa wanangu, nikinyamaza nimemuua mtu asiye na kosa. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nijibuni kabla ya sala ya Ijumaa.