Kumi na Tano kwa Kumi na Sita

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwahidi dada yangu mtoto wa kiume kwa hesabu.

Nilikuwa nafanya kazi dukani Iringa, na hisabati nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu chakavu kilichotoka shule ya misheni ya Tosamaganga. Dada alikuwa ameolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa. Alikuwa na mabinti watatu na mimba ya nne, na baba mkwe wake alitaka mjukuu wa kiume wa kurithi jina la marehemu baba yake. Nilipokwenda kuwasalimu wakati wa Pasaka, nilimwambia dada kwa majivuno: watoto wanne huweza kuzaliwa kwa njia kumi na sita, na njia moja tu ndiyo ya wasichana watupu. "Una nafasi kumi na tano kati ya kumi na sita." Alifurahi, akampasha habari mumewe, naye akampasha baba yake.

Niliporudi Iringa nilichora njia zile upya, maana mimi hesabu yangu siiamini mpaka niikague. Mabinti watatu walikuwa wameshazaliwa! Sikulala vizuri mpaka nilipopanda basi kurudi Mbeya.

Kwa desturi yao, mke wa mwana haonekani mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Kwa hiyo mzee alikaa nami barazani, dada akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko. Nikachora mavumbini kwa kijiti.

"Kijana," mzee akasema, "juzi zilikuwa kumi na tano. Nani amezila?"

"Hazikuliwa, mzee. Kila njia yenye mvulana kati ya wale watatu wa kwanza imeshafungwa. Zimebaki mbili: ya mvulana na ya msichana."

"Yaani umepanda basi toka Iringa kuja kuniambia atakuwa mvulana au msichana?"

Nyuma ya ukuta kicheko kilimponyoka dada, akakibana. Kisha akaniita kwa kunong'ona. Nilipomfikia hakuwa anacheka tena.

"Mdogo wangu, muulize. Akija wa kike, atamkataa?"

Nikarudi nikauliza. Mzee akaviangalia vistari vyangu. Nikaona nimewaharibia wote.

"Mwambie," akasema, kwa sauti kubwa kama vile dada yuko ng'ambo ya mto, "hata mama yangu alikuwa na jina. Na alinibeba mgongoni, siyo baba. Ale ashibe, aache kuhesabu. Na wewe pia, kula."

Nikaletewa ndizi na maziwa ya mgando, nikala.

Mtoto alizaliwa wa kike, akapewa jina la mama wa mzee. Hesabu zangu bado nazikagua mara mbili mbili. Ila siku hizi huuliza kwanza ni kipi kimeshatokea, na simwahidi mtu mtoto.