Chungu cha Maharage cha Bi Eufrasia

Sisi wanawake wa kiwanda cha zabibu tulikuwa tukimwachia Bi Eufrasia Tlapa watoto wetu tangu alfajiri. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Puebla, Mexico, kama wengi wetu hapa bondeni California. Hakuwa na cheti chochote, lakini mtoto uliyemwacha kwake ulimkuta ameoga, ameshiba, anahesabu hadi ishirini. Kila Jumanne aliwapeleka wote watano, wameshikana mikono, kwenye ukumbi wa kanisa. Huko Mwalimu Citlali alifundisha bure watoto ambao hawajaanza shule: vitabu, nyimbo, namna ya kushika kalamu.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, nesi alikuja ukumbini akawapima watoto damu. Baada ya wiki mbili Mwalimu Citlali alinipigia simu nikiwa kazini.

"Mama Yaretzi, kaa kwanza."

"Mwanangu kaanguka?"

"Hajaanguka. Wamekuta risasi kwenye damu yake."

"Risasi? Nani kampiga?"

"Siyo ya bunduki, mama. Ni madini. Yanaingia mwilini kimyakimya, yanaharibu ubongo wa mtoto."

Nilikaa juu ya kreti la zabibu. Yaretzi wangu alikuwa na miaka minne. Herufi alizozijua Jumanne, Alhamisi hazijui tena, nami nilikuwa nikimwita mkaidi.

Watoto waliokutwa na madini hayo walikuwa watano. Wote wa kwa Bi Eufrasia.

Tulikwenda kwake na nesi, mimi na Obdulia, mama wa mapacha. Bi Eufrasia alitukaribisha kahawa. Nesi alipima rangi ya ukuta, hakuna kitu. Akapima maji, safi. Kisha akaona chungu kikubwa cha udongo kikikaushwa karibu na jiko, ndani kinang'aa kama kioo.

"Hiki unapikia nini, bibi?"

"Maharage ya watoto. Kila siku. Alinipa mama nilipoolewa."

Nesi alisugua kijiti chenye pamba ndani ya chungu. Pamba ikawa nyekundu, dalili ya risasi.

"Umekosea," Bi Eufrasia alisema. "Hicho ni cha mama yangu. Rudia."

Nesi akachukua kijiti kingine. Kikawa chekundu vilevile. Akatueleza kwamba ule mng'ao wa ndani una risasi, na kila maharage yanapochemka, inatoka kidogokidogo na kuingia kwenye mchuzi.

Obdulia alilipuka. "Umewalisha sumu wanangu! Na mimi nilikuwa nakushukuru, mwanamke wewe! Nakushukuru kila jioni!"

Bi Eufrasia aligeuka. Alinitazama mimi. Ningeweza kusema neno, maana miaka mitatu alimlea mwanangu kama wake. Nikainua mkoba wangu nikatoka. Kesho yake hakuna mtoto aliyepelekwa kwake.

Jumanne iliyofuata tulikuwa ukumbini, wazazi tumejaa, nesi anatueleza habari za matibabu na chakula. Mlango ukafunguliwa. Bi Eufrasia aliingia peke yake, amekikumbatia kile chungu kilichofungwa kwa taulo.

"Nani kamwita huyu?" Obdulia aliuliza kwa sauti.

"Hakuna aliyeniita, mwanangu. Nimekuja ili mkione, mkaangalie jikoni kwenu." Alikiweka mezani. Akafungua taulo. Kisha akamgeukia nesi. "Nina swali. Mtoto aliyekula humu tangu anaachishwa ziwa, miaka kumi na mitatu, anakuwaje?"

"Mtoto gani, bibi?"

"Wangu. Nicanor. Shule ilimshinda. Alisahau kila kitu, hakutulia. Nilimpiga kwa mkanda. Nilimwita punda mbele ya wenzake, mpaka akaacha shule akaenda kuchuma lozi. Sasa ana miaka arobaini na mmoja."

Obdulia aliinamisha kichwa.

Nesi alisema hawezi kuthibitisha jambo la miaka mingi hivyo. "Lakini inawezekana, bibi. Inawezekana sana."

Bi Eufrasia aliketi sakafuni, pale pale. Mimi ndiye niliyekwenda kumwinua, nikiwa nimechelewa wiki nzima. Aliniomba nimpigie mwanawe simu. Alimweleza yote, akamwomba radhi. Kisha nikamsikia Nicanor akiuliza, "Kwa hiyo, mama, sikuwa mjinga?"

Madini yalipungua katika damu ya watoto wote. Yaretzi sasa yuko darasa la pili. Anasoma, ila polepole, na Mwalimu Citlali hukaa naye saa moja baada ya shule. Obdulia hajamsalimu Bi Eufrasia mpaka leo, na simlaumu. Bi Eufrasia mwenyewe hupita nyumba kwa nyumba na vijiti vya nesi, akigonga milango ya akina mama wenye watoto wachanga. Mwaka jana alikuta vyungu kumi na vinne.